Ukoka Uliolala Uwanjani

Mwezi Mei uwanja wa kriketi wa mji wetu huwa na rangi ya mkate wa mtama uliosahaulika kikaangoni. Wapita njia huuchungulia kupitia uzio, wakatikisa kichwa, wakasema umekufa. Wamesema hivyo kila Mei tangu niolewe, na kila mvua ya kwanza ikinyesha wanaushangaa upya. Lakini mwaka huu hata mimi niliogopa. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imetupita, mawingu yakivuka juu ya mkoa wetu wa Marathwada bila kutua, kama jamaa tajiri anayejifanya hajawaona ndugu zake sokoni.

Mume wangu ndiye mtunza uwanja. Nasema "ndiye" ingawa ni mwaka wa pili sasa yuko Maskati, akinywesha nyasi za watu wengine. Mama yake humwita Sopan. Mimi simwiti. Kwetu mke halitamki jina la mumewe ovyo. Hulitaja ndani ya ubeti tu, siku ya harusi au kwenye shughuli, wanawake wenzake wakimzibia mlango mpaka aseme. Siku nyingine zote mume ni "yeye". Na huyu "yeye" alipoondoka, pengo lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, vyumba viwili nyuma ya banda la wachezaji.

Aliondoka kwa sababu kisima cha uwanja kilikauka na klabu ikashindwa kumlipa. Bwana Pargaonkar, wakili, mwenyekiti wa klabu, hakumfukuza. Alimwambia nafasi yake na nyumba yake vitamngoja, maadamu nyasi ziko hai. Zikifa, atamwaga saruji, atatandika zulia la plastiki la kijani, na zulia halina haja ya mtunzaji. Nikaachiwa mimi ule uwanja kama mtu anavyoachiwa mgonjwa.

Kabla ya kuondoka alinipeleka katikati ya uwanja, miguu mitupu, akaniambia nikanyage kisha nigeuke. Ukoka uliinuka polepole, unyayo wangu ukafutika. Akaniambia unyayo ukifutika, ukoka hauna kiu. Ukibaki, unaomba. Na ukiona rangi imegeuka jivu, ujue umechoka kuomba, unataka kulala. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba kama ufunguo: nisiugawie maji kama anayenyunyiza chumvi. Niuchagulie mahali pamoja, niumwagie mpaka ushibe, mpaka ule uchuma wake mrefu wa kupimia unyevu uzame ardhini hadi mkononi, kisha niuache uhangaike, mizizi ishuke chini kuyafuata maji.

"Unaopewa kidogo kila siku hukaa juu juu," alisema. "Mizizi inakuwa mivivu kama mashemeji zangu."

"Na maji yakikosekana kabisa?"

"Uuache ulale. Usiukate, usiupitishie gogo la chuma la kusawazishia, usimruhusu mtu aukanyage. Ukoka haufi haraka hivyo."

"Na mimi?"

"Wewe je?"

"Mimi nami nilale mpaka urudi?"

Alicheka, akaangalia pembeni. Alipanda basi la Pune asubuhi iliyofuata.

Wanawake wa mtaani ambao waume zao wako ng'ambo hupigiwa simu kila siku. Umekula? Nimekula. Haya, lala. Mimi nilipigiwa siku za Ijumaa tu, siku yake ya mapumziko, lakini tulizungumza mpaka simu ikawa ya moto sikioni. Alinisimulia nyasi za kule, zinazonyunyiziwa kila siku maji ya bahari yaliyosafishwa. Alisema hazijui kiu, ukizikanyaga zinainuka hata hujaondoa mguu, na kwamba anazionea huruma. Mwisho wa kila simu alinitaka nitaje jina lake. Nami kila mara nilimjibu kwamba njaa haishibishwi kwa harufu, aje, atalisikia. Nikikata simu, nililala upande wake wa mkeka.

Maji niliyokuwa nayo ni ya bweni la chuo. Bwana Pargaonkar alipatana nao watupe maji yao yaliyokwisha kutumika kuogea, gari moja la maji kila baada ya wiki mbili. Likija, nilichagua kipande kimoja cha uwanja, nikakishibisha, nikakiacha. Safari iliyofuata, kipande kingine. Uwanja ulikuwa wa kahawia kote, na vipande nilivyovishibisha navyo vilikuwa vya kahawia, labda kwa tofauti ndogo ambayo ni jicho langu tu lililoiona.

Kisha pakatokea kijani.

Palikuwa kando ya banda la wachezaji, mahali pa upana wa kitanda, pale mume wangu alipokuwa akikaa kunywa chai na kuangalia kazi yake. Kilikuwa kijani cha kutamanisha, laini kama manyoya ya kifaranga. Nilijua mara moja ni maji ya nani. Nilimfuata mama mkwe wangu, Godavari, mwanamke aliyepewa jina la mto mkubwa na anayeishi kwa ndoo mbili. Nilimkuta anapepeta dengu. Nikamuuliza maji yake ya kuoga anayamwaga wapi siku hizi.

"Ya kuoga gani," alisema bila kuinua macho. "Mzee kama mimi ananuka nini?"

Alikuwa haogi. Kila jioni, nikiwa jikoni, alipeleka kopo lake la maji pale mwanawe alipokuwa akikaa, akamwaga, akasimama kidogo, akarudi. Nilimweleza maneno ya mwanawe, kwamba kidogo kila siku ni kuudanganya ukoka. Alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akaniuliza ni nani aliyemnyonyesha, mimi au yeye.

Mji mzima ukaja kuangalia kile kijani. Muuza chai alisema hatimaye mimi, Vatsala, nimejifunza kazi. Bwana Pargaonkar mwenyewe alisimama pale mikono nyuma. Alipokuwa kijana alicheza kwenye uwanja huu, na nadhani macho yalimlengalenga. Aliniuliza kwa nini sifanyi uwanja mzima hivi badala ya kuulowesha vipande vipande kama mtu anayeficha kitu. Nikamwambia huku kwingine kunalala. Akasema kwa upole kwamba hata maiti hulala.

Chuo kikafungwa kwa likizo ya Mei. Wanafunzi wakarudi makwao, bweni likawa tupu, maji ya kuogea yakakoma siku hiyo hiyo. Na gari la maji la manispaa, lile la watu, likawa linakuja kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Niliweka kufuli kwenye pipa letu la maji, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la sari yangu. Nilimwona mama jioni ile ya kwanza akisimama na kopo lake tupu, hajui aende nalo wapi.

Kile kijani hakikudumu. Kiligeuka jivu, kikawa cheupe, kisha upepo ukaanza kukipeperusha. Mizizi ilikuwa haijawahi kutafuta kitu chochote maishani mwake. Ilipoachwa, haikujua pa kwenda. Mama alikaa mlangoni akiangalia pale mahali. Alisema Ganpati, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, amemjibu hapana. Tangu siku hiyo akawa hali chakula cha jioni.

Ijumaa iliyofuata sauti ya mume wangu ilikuwa ndogo. Wakili alikuwa amempigia. Alimwambia hata pale palipokuwa na kijani pamekufa, na kama pale pamekufa, kwingine kuna haja gani ya kuuliza. Kamati ya klabu ilikuwa imeanza kuzungumza na watu wa zulia. Na meneja wake kule Maskati alitaka sahihi kwenye mkataba mpya wa miaka mitatu, mwisho ni siku ya Chaturthi, siku ya mfungo wa Ganpati.

"Vatsala," aliniambia, "nirudi kufanya nini?"

Nilitaka kusema: kwangu. Urudi kwangu. Lakini nimeona wanaume waliorudi bila kazi, wanavyokaa mlangoni mwa wake zao kama wageni wanaongoja kuambiwa karibu. Mimi nilimtaka arudi mzima. Nikamuuliza kama kweli ameamini maneno ya wakili kuliko aliyonifundisha mwenyewe. Nikamwomba asitie sahihi mpaka jioni ya Chaturthi, mpaka nimpigie.

Asubuhi nilichukua kisu cha jikoni na ule uchuma wake. Nilianza na mahali pa mama. Ukoka uliinuka mzima kama ngozi ya maziwa, mizizi haifiki hata urefu wa kucha, na ilipogusa kidole ikawa vumbi. Kisha nikaenda upande wa mbali, kwenye kipande nilichokishibisha kwa gari la mwisho. Hapo kisu hakikuingia. Ardhi ilikuwa tofali. Nikachimba kwa uchuma, nikapiga magoti, nikachimba tena mpaka jasho likaniingia machoni, na chini, chini kabisa, nikavikuta vishina vyeupe kama nyama ya tangawizi, vimejikunja gizani. Niliuma kimoja. Kulikuwa na unyevu, na utamu kwa mbali.

Nilikaa pale chini kama mjinga, mdomo umejaa udongo.

Nilimpelekea picha. Alinijibu kwamba weupe peke yake si uhai, hata mfupa ni mweupe. Nikate kipande cha udongo chenye vile vishina, nikiweke kwenye sinia, nikinyweshe, nikiweke penye mwanga. Kikiota, ataamini.

Nyumba yetu ina dirisha moja tu linalopata jua la asubuhi, na hapo anakaa Ganpati wetu wa shaba, mkonga wake umeng'aa kwa mafuta ya vizazi. Niliweka sinia pembeni yake. Nilikinywesha maji ya kuoshea mchele na sehemu ya fungu langu la kunywa. Mama hakukisogelea. Alifanya sala zake akiwa ameligeuzia sinia bega, kama watu wawili wasiosalimiana.

Kila nilipoamka niliangalia, nikaona udongo na majani makavu. Nilianza kuzungumza nacho. Nilikieleza mambo ambayo siku za Ijumaa sikuwa na ujasiri wa kuyasema. Kwamba nimesahau harufu ya shingo yake na ninakumbuka tu kwamba niliipenda. Kwamba nikipika viazi napika vya watatu. Kwamba nimechoka kuwa mwanamke hodari anayesifiwa na mtaa.

Siku moja Bwana Pargaonkar alikuja na mtu mwenye utepe wa kupimia. Walipotaka kuupima uwanja, nilimwomba yule fundi avue viatu. Alimtazama wakili, wakili akanitazama mimi.

"Avue," alisema. Yeye mwenyewe alikuwa ameshavua vyake.

Aliomba maji ya kunywa, akaingia, akaliona sinia dirishani. Akaniuliza kama nimepanda mkate. Nilimwambia ndiyo, na ukiiva nitamkatia kipande. Alicheka, lakini alisimama mbele ya sinia muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu anayecheka.

Alasiri ya mkesha wa Chaturthi niliona kitu. Nilidhani ni uzi wa sari yangu umeangukia udongoni. Nikainama. Ilikuwa ncha ya kijani, imechanua matawi matatu membamba kama unyayo wa ndege mdogo. Pembeni yake nyingine, na nyingine. Kufika magharibi sinia zima lilikuwa limetoboka kwa kijani. Nilichukua simu, nikaiweka chini. Mwanga wa taa ungekitia rangi ya uongo, naye anaijua rangi ya uongo. Nikasema kesho, jua likiingia dirishani, nitampigia picha ambayo hata hakimu hataikataa.

Asubuhi gari la manispaa lilipiga honi mapema, nikakimbia na ndoo zangu. Niliporudi, bado nina ndoo moja kichwani, nililiona sinia kabla sijaona kitu kingine.

Udongo. Majani makavu. Visiki vifupi vimekatwa kwa kucha.

Mama alikuwa amekaa mbele ya Ganpati, amevaa sari yake safi, nywele ametia mafuta. Ni Chaturthi, siku ya Ganpati, na Ganpati hupewa ukoka mbichi wa ncha tatu, ishirini na moja kwa fungu. Mji mzima ulikuwa umeshindwa kumpatia mwaka huu. Watu walimwekea mchele na kuomba radhi. Wetu alikuwa na ukoka kichwani, umefungwa kwa uzi mwekundu. Mikono ya mama ilinukia kijani.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimempa mwenyewe."

"Ule ulikuwa wa mwanao."

"Ndiyo maana," alisema. "Haukufika ishirini na moja. Nimemwambia anisamehe, zilizobaki atazichukua mvua ikinyesha."

Nilitua ndoo. Sikumpigia kelele. Ningewezaje? Alikuwa ameona kitu cha kwanza kibichi katika mji mkavu, na akakipeleka kule alikojua kinasikilizwa. Mimi ningempelekea mwanadamu. Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya banda, nikalia huku nimeuma kitambaa, maana uwanja uko wazi na mtaa una macho.

Siku nzima tulifunga, kama ilivyo desturi, mpaka mwezi utoke. Sijui kama ilikuwa njaa au nini, lakini nilijaribu moyoni maneno yote ya kumwambia mume wangu. Ulikuwepo, nikuapie. Mama yako ameuchuma. Hata kwangu mwenyewe yalisikika kama mtoto anayesema mbuzi kala daftari.

Jioni, kabla ya mwezi, nilimpigia simu ya video. Alikuwa kazini, kofia kichwani, na nyuma yake niliyasikia maji yakinyunyizwa, ch, ch, ch, mengi, yasiyo na mwenyewe. Aliniuliza hali, nikamwuliza yake. Akaniambia nimwonyeshe sinia.

Nililiinamishia simu.

Nilifuta macho kwa pindo la sari.

"Sawa," alisema taratibu. "Umejitahidi. Usilie."

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Alinigusa bega.

"Hebu mgeuzie mungu wake kwanza," alisema. "Siku ya Chaturthi mtoto anaongea na sinia kabla hajamsalimu Ganpati. Nilimlea hivyo mimi?"

Nikageuza simu. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Ganpati alikuwa amekaa pale na kilemba chake kidogo cha kijani, ncha zimelegea kidogo kwa siku nzima ya joto, lakini mbichi, na uzi mwekundu.

Mume wangu aliinua mikono kusali, kisha mikono ikakwama hewani.

"Mama," alisema. "Huo ukoka umetoka wapi?"

"Kwani mji huu una ukoka mwingine?"

"Nauliza umetoka wapi."

"Kwenye sinia la mkeo. Nimeuchuma leo asubuhi. Au nimpe mungu mchele kama maskini?"

Akaniambia nisogeze simu. Nikasogeza mpaka karibu kuunguza kioo kwa taa. Aliziangalia zile ncha moja moja, nilimsikia akipumua. Akaniambia nirudi kwenye sinia, nikiminye kimojawapo cha vile visiki. Nikaminya. Tone dogo likanidondokea kidoleni, la kijani hafifu, nikamwonyesha kidole changu.

Alivua kofia. Alicheka, akaacha, akafuta uso kwa kofia ile ile.

"Uko hai," alisema. "Na umekatwa na bado unatoa maji. Ukoka ukikatwa huota, Vatsala. Mwambie mama achume anavyotaka." Kisha akasema, "Subiri. Nakwenda kumwambia meneja sasa hivi kwamba sitii sahihi, kabla akili hazijanirudia."

Aliporudi kwenye simu nilimwuliza atakuja lini. Alisema lazima amalize mkataba huu wa kwanza, labda baada ya mvua kuanza, labda baadaye, hawezi kuapa. Nikasema na mimi siwezi kuapa kuhusu mvua.

"Nitaje," alisema.

"Mama yuko hapa."

"Mama," alisema kwa sauti, "mzibie mlango."

Na Godavari, ambaye hakuwa amekula vizuri kwa wiki nzima, aliinuka kwa kushika goti, akaenda kusimama mlangoni, mikono kiunoni kama msichana wa shughuli. Mwezi ulikuwa unachomoza nyuma yake. Sikuwa nimetunga kitu. Ubeti ulikuja wenyewe, kutoka huko chini nilikokuwa nimeuma udongo:

"Ukoka hulala mkavu, mzizi ukingoja mvua;
jina la Sopan nikilitaja, kinywani huota maua."

Nilisikia tu yale maji ya Maskati, ch, ch, ch, mpaka simu ikakatika.

Mama alikula. Alikula mikate miwili na dengu, na akalalamika kwamba chumvi imezidi.

Asubuhi nilimpelekea Bwana Pargaonkar sinia mlangoni kwake, pamoja na habari ya Maskati. Aliinama akavigusa vile visiki kwa kidole kimoja, akaniambia watu wa zulia watangoja mvua kama wengine wote. Kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya uwanjani. Ulikuwa wa kahawia kote, kutoka uzio hadi uzio. Nilivua kandambili, nikaukanyaga pembeni mara moja tu, nikageuka kuangalia. Unyayo ulibaki pale, umekaa wazi, haukuwa na haraka ya kufutika. Nikauacha hivyo, nikaenda kupanga foleni ya maji.